Kuchagua Mkuku

Mtu huchagua mara nyingi katika maisha yake, lakini si kila mara hujua kwamba anachagua. Hudhani anafuata moyo, au anafuata bei, au anafuata wenzake. Hata siku ya matokeo ndipo aonapo kwamba palikuwa na njia zaidi ya moja mbele yake, naye alishika hii akaiacha ile. Insha hii ni habari ya uchaguzi mdogo sana: uchaguzi wa ubao mmoja wa kompyuta ya zamani, ambao hauzidi ukubwa wa sinia ndogo ya kuandalia chai. Nauleta mbele ya msomaji kwa sababu udogo wake ulinifundisha jambo ambalo mambo makubwa yalishindwa kunifundisha.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa Bagamoyo. Baba yake alikuwa fundi wa vyombo. Alichonga madau na mashua katika ufuko wa mji ule tangu ujana wake hata mkono wake uliposhindwa kuinua tezo. Mjomba hakurithi tezo, alirithi masikio. Utotoni alitumwa kila asubuhi kuwapelekea mafundi uji, akasikia kila kipande cha mti kikiitwa kwa jina lake na kila kazi ikisindikizwa na wimbo wake. Alipokuwa mtu mzima, akiwafundisha watoto wa watu kusoma na kuandika, aliona kwamba maneno yale hayamo katika vitabu vya shule. Mengine aliyatafuta katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 asiyaone. Basi akaanza kuyakusanya. Siku za likizo alipanda baisikeli akaenda Kaole, Mlingotini, Mbweni na Kunduchi. Mara nyingine alipanda chombo akaenda kaskazini hata Saadani. Aliwauliza wazee majina ya miti, ya sehemu za chombo, ya pepo na ya mikondo, na nyimbo ziimbwazo wakati wa kushua chombo. Alisema kwamba kila fundi mzee azikwapo, huzikwa na maneno yake, na kaburi halina mlango wa kurudia.

Mwaka 1993 mjomba alipata kompyuta. Vijana wa leo, ambao hubeba kompyuta mfukoni kwa jina la simu, hawawezi kuona ukubwa wa jambo hilo pasipo maelezo. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Tanzania mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, kwa kazi za hesabu za serikali. Mwaka 1974 serikali ilitoa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta nchini, ila kwa kibali maalumu. Watu husimulia amri ile kwa kicheko siku hizi, lakini haikuwa amri isiyo na sababu. Nchi changa ilikuwa imetoa fedha nyingi za kigeni kununua mashine ambazo wenyeji wachache walijua kuziendesha, na wachache zaidi walijua kuzitengeneza. Taifa nalo huchagua kama mtu achaguavyo: huogopa pale lilipoumia. Baadaye marufuku yalilegezwa, na mashine zikaanza kuonekana katika ofisi. Moja kati ya hizo, ya aina ya 286, iliachwa na ofisi iliyokuwa ikifungwa, ikaangukia mikononi mwa mjomba kwa bei ya baisikeli mbili.

Mashine ile ilikuwa na matundu mawili ya diski pana, zile za inchi tano na robo, laini kama jani la mgomba. Kila diski ilichukua kilobaiti 360, yaani herufi laki tatu na elfu sitini na zaidi kidogo; hicho ni kitabu kizima cha wastani. Jioni, umeme ulipokuwapo, mjomba alikaa akinakili madaftari yake kwa vidole viwili. Alijaza diski kumi na moja. Kisha mashine ikafa, na mchwa pamoja na unyevu wa bahari wakayamaliza madaftari. Zikabaki diski zile peke yake, ndani ya mkebe wa biskuti.

Hapa yanipasa kukiri kosa langu, kwa maana pasipo kosa hilo insha hii isingekuwapo. Mwaka 2003 nilikuwa nikifanya kazi Dar es Salaam, na katika chumba cha vitu vikuukuu cha ofisi yetu palikuwa na kompyuta moja yenye tundu la diski pana. Nilimweleza mjomba habari hiyo kama mzaha. Yeye hakuicheka. Aliniambia: “Mjomba, zichukue diski hizi, uyahamishe maneno haya katika mashine zenu mpya.” Nikamjibu kwamba nitakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki nyingine, na mwaka uliofuata chumba kile kikasafishwa, mashine ikatupwa. Mwaka 2009 mjomba akafariki. Mwaka 2021 nilikwenda Bagamoyo kumjulia hali mke wake. Baada ya shikamoo na marahaba, aliingia ndani akatoka na mkebe wa biskuti. Akasema: “Mwenyewe alisema utakuja kuzichukua.” Hakuongeza neno. Nami sikuwa na neno la kupunguza.

Sasa ndipo ulipokuja uchaguzi. Msomaji aweza kuuliza kwa nini sikununua kifaa cha kusomea diski nikakichomeka katika kompyuta yangu ya kila siku. Vifaa vya namna hiyo huuzwa kwa diski ndogo, zile ngumu za inchi tatu na nusu. Diski pana hazimo. Ng'ambo wako watunzaji wa nyaraka wenye vyombo vyao vya pekee, lakini mimi nilikuwa na mkebe, mshahara wa kawaida, na fundi mmoja wa Kariakoo ambaye alikuwa amehifadhi rafuni, kwa mapenzi tu, kisomeo kizima cha diski pana. Kisomeo hicho kilihitaji kompyuta ya zamani ya kukiunga. Na kompyuta ya zamani, ukitaka kuiunda upya, huanza kwa kitu kimoja: ubao mama.

Jina hili, ubao mama, limetafsiriwa kutoka Kiingereza, na mafundi wetu aghalabu husema mazabodi. Sina ugomvi na jina lolote kati ya hayo mawili. Walakini nilipokuwa nikiutazama ubao ule nilifikiri kwamba mjomba angaliuita mkuku. Mkuku ni mti ulazwao kwanza mchangani kabla ya chombo kuwa chombo. Hauonekani chombo kikiwa majini, wala hausifiwi na abiria, lakini mataruma yote hukaa juu yake, mbao hufuata mataruma, na mlingoti husimama kwa nguvu zake. Ubao mama ni hivyo hivyo. Haufikiri, kwa kuwa kufikiri ni kazi ya prosesa. Haukumbuki, kwa kuwa kukumbuka ni kazi ya vijiti vya kumbukumbu na diski. Kazi yake ni kuwakutanisha wote hao na kuwapa njia ya kusemezana. Ukikosea prosesa, utaibadili. Ukikosea mkuku, umekosea safari.

Fundi wa Kariakoo aliniwekea mezani mbao tatu. Ya kwanza ilikuwa ya 486, ya mwanzo wa miaka ya 1990, ndugu wa karibu wa mashine ya mjomba. Ya pili ilikuwa ya mwanzo wa miaka ya 2000, yenye kasi kubwa kupita zote. Ya tatu ilikuwa ya mwisho wa miaka ya 1990, imejaa vumbi, haina sifa ya kuvuta jicho. Fundi alinyosha kidole kwenye ile ya tatu. Mimi nikashika ya kwanza.

Niliishika kwa sababu ilinikumbusha sauti ya vidole viwili usiku. Ilikuwa na betri ya namna ya pipa dogo, iliyochomelewa juu ya ubao ili saa ya mashine isisimame umeme ukizimwa. Betri hizo zina ugonjwa unaojulikana: zikizeeka hutoa maji makali yanayokula njia za shaba. Doa la kijani lilikuwa limekwisha kuonekana pembeni. Fundi aliniambia: “Mwalimu, huo umeng'atwa.” Nikamjibu kwamba nitausafisha. Nilijua ninachokiona, lakini moyo ulikuwa umekwisha kuchagua, na macho yakawa mashahidi wa uongo.

Niliupeleka Bagamoyo, maana nilitaka kazi ifanyike katika nyumba ilimoanzia. Niliichomoa betri, nikalisugua doa kwa siki, kwa kuwa maji ya betri ile ni ya magadi, na siki huyavunja nguvu. Nikaunga pawasaplai ya zamani, ambayo plagi zake mbili zaweza kuingizwa kinyume na kuunguza kila kitu. Kanuni yake ni moja, nyaya nyeusi zikae pamoja katikati. Nikaiwasha, nayo ikawaka. Nilifurahi kama mtu aliyesamehewa. Nikatia diski ya kwanza.

Baada ya dakika chache mashine iliganda. Nikaizima na kuiwasha. Ikasoma kidogo, ikaganda tena. Jioni ile nilirudia mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Sikujua kwamba diski ilikuwa na ukungu mwembamba, na kwamba kila niliporudia, kichwa cha kisomeo kilikuwa kikiusugua ukungu ule juu ya uso wa diski, mahali pale pale. Nilipoitoa na kuitazama kwa taa kupitia dirisha lake dogo, niliona duara limechorwa juu yake, jembamba na safi, kama alama ya bikari katika daftari la hesabu. Mahali penye duara hapakuwa tena na herufi yoyote. Diski hiyo ilikuwa na karatasi ndogo iliyoandikwa kwa hati ya mjomba: “1. Miti na Mkuku.”

Nilikaa kimya muda mrefu. Maneno yale yalikuwa yameshinda mchwa, yameshinda unyevu wa miaka mingi na kifo cha mwenyewe; hayakushinda upendo wangu usio na akili.

Nilirudi Kariakoo nikamweleza fundi yote. Hakunicheka wala hakunilaumu. Aliniuliza tu: “Mwalimu, ulikuwa unatafuta mashine ya mjomba wako, au maneno ya mjomba wako?” Swali hili nimelibeba tangu siku ile. Mtu aweza kupenda chombo hata akasahau shehena. Wengi wetu tunaodai kuhifadhi ya kale hufanya hivyo: twahifadhi sura, twapoteza neno.

Basi akanifundisha kuchagua. Aliutwaa ubao wa pili, ule wa kasi, akanionyesha kepasita zake, yale mapipa madogo yanayotuliza umeme. Vichwa vya kadhaa vilikuwa vimevimba kama maandazi. Katika miaka ile, alisema, kepasita mbovu zilienea katika mbao za makampuni mengi duniani, na ubao wenye kepasita zilizovimba hauaminiki hata ukiwaka. Tena ubao huo uliweza kutumikia kisomeo kimoja tu cha diski, ilhali mimi nilihitaji viwili, kimoja cha diski pana na kimoja cha diski ndogo. “Na kasi yake?” nikauliza. Akajibu kwamba katika kisomeo changu diski huzunguka mara 360 kwa dakika, si zaidi, hata ubao uwe na kasi ya radi. Kasi isiyo na kazi ni mzigo.

Kisha akauleta ule wa tatu, akaufuta vumbi. Ulikuwa umejengwa juu ya chipu za Intel ziitwazo 440BX, zilizotoka mwaka 1998. Ubao wa namna hii umesimama kwenye kivuko kati ya zama mbili. Upande mmoja una nafasi za kadi za kale, na tundu la pini 34 la kuunga visomeo viwili vya diski. Upande wa pili hutumia pawasaplai na vijiti vya kumbukumbu ambavyo havijawa adimu. Betri yake ni ya sarafu, hutolewa kwa ukucha na kununuliwa duka lolote la saa. Kepasita zake zilikuwa bapa. Bei yake ilikuwa chini ya bei niliyolipa kwa ule wa kwanza. Fundi akaniambia nikagulie mambo matano kila nitakapochagua: betri imeachaje mahali pake; kepasita zimekaaje; matundu ninayoyahitaji yapo; umeme wake wapatikana; na kumbukumbu yake yapatikana. Sifa nyingine zote, alisema, ni za kusimulia barazani.

Safari hii sikuwa na haraka. Nilisafisha kichwa cha kisomeo kwa spiriti. Nilifungua kila diski, nikapangusa ukungu kwa pamba na subira, nikaiacha ikauke kivulini mbali na upepo wa bahari, ambao hubeba chumvi hata ndani ya nyumba. Nilibandika kipande cha karatasi juu ya pengo lililo pembeni mwa kila diski, ili mashine iweze kusoma isiweze kuandika. Kila diski niliisoma mara moja tu, nikanakili yote yaliyomo katika diski ngumu, ndipo nikatazama nilichopata.

Katika diski kumi zilizobaki, saba zilisomeka zote, mbili zilisomeka nusu, na moja ilikuwa imekufa. Mjomba alikuwa ameandika kwa programu ya WordPerfect, na bado zipo programu za bure za leo zinazofungua maandishi hayo. Maneno yakatokea kiooni moja baada ya moja: majina ya pepo kwa nyakati zao, majina ya kamba kwa kazi zao, namna ya kuchanganya deheni, namna ya kutia kalafati, nyimbo zenye mwitiko wa watu wengi na nafasi ya kuvuta. Kando ya neno lolote alilolipata kwa mzee mmoja tu, aliweka alama ya kuuliza. Alikuwa mwalimu, hakutaka kumfundisha mtu jambo ambalo yeye mwenyewe hakulihakikisha. Mwisho wa diski ya saba nilikuta orodha ya wazee ambao hakuwa amewahi kuwauliza, na chini yake ameandika: “Kesho, inshallah.”

Nilichapa kurasa zote, nikazishona, nikazipeleka kwa mke wa mjomba. Nilimweleza habari ya diski ya kwanza bila kuficha, na habari ya mwaka 2003 pia. Alizishika karatasi mapajani kitambo, akapapasa mshono. Akasema: “Mwanangu, yeye naye alikuwa mtu wa kesho.” Sijui kama alinisamehe au alitulaumu sote wawili. Huenda katika umri wake mambo hayo mawili hayako mbali.

Tangu hapo nimekuwa nikienda na daftari. Katika ile orodha ya diski ya saba nimemkuta mzee mmoja hai. Macho yake hayaoni tena tezo, lakini mikono yake bado huonyesha umbo la kitu anapokitaja. Nilimwomba anieleze namna ya kuchagua mti wa mkuku, kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyoyaua mimi. Alinipa machache, si yote aliyoyakusanya mjomba, nami nimeyaandika kwa alama ya kuuliza kama alivyofanya mwalimu wangu. Nilimwuliza kama hutafutwa mti mzuri kupita yote. Akatikisa kichwa. Alisema kwamba kwanza huulizwa chombo kitakwenda wapi na kitabeba nini. Mti huja baadaye.

Ubao wa 1998 sasa umo katika sanduku lenye kifuniko, nyumbani kwa mjomba, umefunikwa dhidi ya chumvi. Watu wamekwisha kuniletea diski nyingine: za hesabu za chama cha ushirika, za barua, moja ya mashairi. Mwenye diski akija simwambii arudi wiki ijayo. Ubao wa 486 nao ninao. Nimeutundika ukutani juu ya meza, doa lake la kijani likitazama chini, mahali ambapo macho yangu hayawezi kulikwepa niketipo kufanya kazi.